Kuchagua kipoozeo cha prosesa kwa kompyuta ndogo ya michezo katika joto la Dar es Salaam: mwongozo kamili

Takwimu nyingi za vipoozeo vya prosesa zinazosambaa mtandaoni zilipimwa katika vyumba vyenye hewa ya nyuzi joto 20 hadi 25. Chumba cha kawaida cha Sinza, Tabata au Mbagala, mchana wa kaskazi, huwa na nyuzi 31 au 32, na usiku wa miezi hiyo haukipoozi sana. Tofauti hiyo ya nyuzi kama kumi ndiyo inayomfanya mtu anunue kipoozeo kilichosifiwa kila mahali, akifunge vizuri, kisha aone prosesa yake ikijipunguzia kasi katikati ya mchezo. Hali huwa ngumu zaidi kwa mnunuzi anayetaka mambo matatu kwa pamoja: kasha dogo la kukaa juu ya meza, kadi ya grafiki yenye nguvu, na ovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi inayozidi ile iliyowekwa kiwandani. Msimamo wangu ni kwamba katika mji huu kipoozeo huchaguliwa kwa hesabu ya joto kwanza, kwa vipimo vya kasha pili, na kwa jina la kampuni mwisho kabisa, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Hatua ya kwanza: jua prosesa yako itatoa wati ngapi

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto, kwa hiyo wati zinazoingia ndizo wati ambazo kipoozeo kinapaswa kuziondoa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, hata hivyo, si kikomo halisi. Kwa prosesa za AMD za soketi ya AM5 (soketi ni kikalio cha prosesa kwenye madabodi, ubao mkuu wa kompyuta), zidisha namba hiyo kwa 1.35 ili upate kiwango cha juu ambacho soketi huruhusu: Ryzen 5 7600 iliyoandikwa wati 65 hufika 88, Ryzen 7 7700X ya wati 105 hufika 142, na Ryzen 9 7950X ya wati 170 hufika 230. Kwa Intel tofauti ni kubwa zaidi, kwani Core i5-14600K na Core i9-14900K zote zimeandikwa wati 125 za msingi, lakini ya kwanza hupanda hadi 181 na ya pili hadi 253.

Hizo ni namba za kabla ya ovakloki. Unapoongeza kasi, umeme unaotumika huongezeka kwa kiwango kilekile cha kasi, lakini unapoongeza volti, umeme huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti hizo. Chukua mfano wa prosesa ya wati 142 inayopandishwa kutoka volti 1.20 hadi 1.30 ili iweze kuhimili nyongeza ya asilimia 5 ya kasi. Volti peke yake zinaongeza asilimia 17 ya joto, na zikijumlishwa na kasi, joto lote linapanda kwa asilimia 23 hivi, yaani kufikia wati 175. Asilimia 5 za kasi zimelipiwa kwa asilimia 23 za joto. Katika kasha kubwa lililo kwenye chumba cha baridi mtu anaweza kukubali biashara hiyo. Katika kasha la lita 10 lililo Dar es Salaam ni hasara, na baadaye nitaeleza njia ya kupata kasi hiyo bila kuongeza volti.

Kama bado hujanunua prosesa, uamuzi huu unaweza kukupunguzia nusu ya kazi. Prosesa za AMD zenye X3D kwenye jina zimeongezewa akiba kubwa ya kumbukumbu ya karibu, nazo hucheza michezo kwa umeme mdogo kuliko wenzao. Ryzen 7 7800X3D, kwa mfano, mara nyingi hutumia chini ya wati 80 mchezo unapoendelea. Ubaya wake ni kwamba akiba hiyo imewekwa juu ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi yenyewe, ikizuia joto kutoka, ndiyo maana kikomo chake cha joto ni nyuzi 89 tu na kizidishi chake cha kasi kimefungwa. Katika Ryzen 7 9800X3D iliyotoka Novemba 2024, akiba imehamishiwa chini ya viini, hivyo viini viko karibu zaidi na kipoozeo, na ovakloki imeruhusiwa. Kwa anayetaka kompyuta ndogo ya michezo yenye ovakloki katika joto letu, sijaona prosesa inayofaa kuliko hiyo.

Hatua ya pili: pima hewa itakayoingia kwenye kasha

Hakuna kipoozeo cha feni au cha maji kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa kinayoivuta. Nunua kipimajoto kidogo cha kidijitali chenye waya, cha aina inayotumika kwenye mafriji, kisha weka ncha yake mbele ya tundu ambalo hewa huingilia, na usome namba baada ya kucheza kwa saa nzima, madirisha na mlango vikiwa katika hali yako ya kawaida. Fanya hivyo saa nane mchana kama kawaida unacheza mchana, na ikiwezekana kati ya Desemba na Machi. Vipimo vya kipupwe, hasa vya usiku wa Julai ambapo hewa hushuka hadi karibu nyuzi 20, vitakupa matumaini yatakayovunjika kaskazi itakaporudi.

Pangaboi halibadilishi hesabu hii. Upepo wake humpooza mtu kwa sababu hukausha jasho, lakini hauishushi hewa yenyewe hata kwa uzi mmoja, na kompyuta haitoki jasho. Kiyoyozi hubadilisha hesabu kweli, ila ukipigia hesabu hewa ya nyuzi 24, kubali kwamba siku utakayocheza kikiwa kimezimwa utalazimika kurudisha mipangilio ya kawaida. Kumbuka pia kwamba kompyuta inayotumia wati 400 katika chumba cha kulala kilichofungwa inakitia joto chumba hicho kwa wati 400 hizohizo, na baada ya saa mbili hewa si ile uliyoanza nayo.

Kisha pima hewa ya ndani ya kasha, kwa kuingiza ncha ya waya karibu na mahali kipoozeo kinapovutia hewa. Hapa ndipo kadi ya grafiki inapoonyesha athari yake. GeForce RTX 4070 hutoa wati 200, na RTX 4080 hutoa 320, na katika kasha dogo sehemu ya joto hilo hupita kwenye prosesa kabla ya kutoka nje. Kama huna kompyuta bado, kadiria nyuzi 8 hadi 10 juu ya hewa ya chumba kwa kasha lenye matundu mengi, na zaidi ya hapo kwa kasha lenye glasi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya uwezo unaohitajika

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua joto la juu unalotaka prosesa ifikie, toa joto la hewa ya ndani ya kasha, kisha gawanya kwa wati. Jibu ni nyuzi ngapi unaruhusiwa kwa kila wati moja, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kipoozeo kinavyotakiwa kuwa na nguvu.

Tuseme unataka Ryzen 7 7700X ya wati 142 isizidi nyuzi 88, na hewa ya kasha lako ni nyuzi 40. Toa 40 kwenye 88, unabaki na 48. Gawanya kwa 142, unapata 0.34. Mtu aliye katika chumba cha nyuzi 20, mwenye hewa ya nyuzi 29 ndani ya kasha la aina hiyohiyo, angepata 0.42. Prosesa ni ileile na kasha ni lilelile, lakini wewe unahitaji kipoozeo bora kwa takribani sehemu moja ya tano. Unaposoma majaribio ya vipoozeo, tafuta yale yanayotaja joto lililopatikana juu ya hewa ya chumba pamoja na wati zilizotumika, kisha gawanya. Jaribio lililoonyesha nyuzi 51 juu ya hewa kwa wati 150 limekupa 0.34. Jaribio lisilotaja wati wala joto la chumba halikusaidii, hata likiwa na picha nzuri namna gani.

Zingatia jambo moja linalosahauliwa: sehemu ya kizuizi cha joto ambacho namba hiyo hupima imo ndani ya prosesa yenyewe, wala hakuna kipoozeo kinachoweza kuiondoa. Kipande chenye viini vya Ryzen 7000 kina ukubwa wa takribani milimita 70 za mraba tu, na joto lote linapaswa kupenya hapo kisha lipite kwenye kifuniko kinene cha chuma. Ndiyo maana prosesa hizo zilibuniwa kuvumilia nyuzi 95 na kuendelea kujiongezea kasi mpaka zifike hapo. Kwa hiyo usihukumu kipoozeo kwa nyuzi peke yake. Angalia pia kasi ambayo prosesa inaweza kuidumisha kwa nusu saa. Na namba ya majaribio ni halali kwa prosesa ya aina uliyo nayo, si kwa kila prosesa.

Hatua ya nne: pima kasha, madabodi na RAM

Kauli ya dukani kwamba “hii inaingia tu, kaka” si kipimo. Kipimo ni milimita kutoka juu ya prosesa hadi upande wa ndani wa ukuta wa kasha, na mtengenezaji wa kasha huitaja. Cooler Master NR200, yenye lita 18.25, inapokea kipoozeo cha hadi milimita 155 ukuta wa pembeni ukiwa wa matundu, na ndiyo sababu mnara, yaani kipoozeo kirefu cha hewa kinachosimama juu ya prosesa, wa Thermalright Peerless Assassin 120 SE wenye kimo cha milimita 155 unaingia humo bila nafasi ya ziada. Fractal Design Terra ya lita 10.4 ina ukuta wa kati unaosogezwa, na nafasi ya kipoozeo hubadilika kati ya milimita 48 na 77 kulingana na unene wa kadi ya grafiki. Lian Li A4-H2O ya lita 11 inaruhusu milimita 55 tu kwa kipoozeo cha hewa, kwa kuwa imeundwa kwa ajili ya rejeta ya milimita 240, yaani sehemu ya kipoozeo cha maji inayotoa joto nje.

Baada ya kimo, angalia upana. Madabodi ndogo ina milimita 170 kwa 170, na katika eneo hilo prosesa hukaa jirani sana na RAM na vipande vya chuma vinavyopooza saketi za umeme. RAM isiyo na urembo ina kimo cha milimita 31 hivi, ilhali zile zenye taa hupita 40 na huweza kuzuia feni. Kwa kompyuta ndogo nunua RAM fupi, maana taa hazina faida inayofidia nafasi zinayoichukua.

Hakikisha pia vishikio vinalingana na soketi. Kwa soketi za Intel, mashimo ya LGA1700 yako umbali wa milimita 78, wakati ya LGA1200 ya zamani yalikuwa milimita 75. Kwenye AM5, bamba la nyuma ndilo linaloshikilia soketi na haliondolewi, hivyo kipoozeo cha zamani kinacholazimisha bamba lake chenyewe hakitafungika.

Hatua ya tano: chagua aina

Vipoozeo vifupi vinavyopuliza hewa kuelekea kwenye madabodi ndivyo pekee vinavyoingia kwenye makasha ya chini ya lita 12 bila maji. Noctua NH-L9a-AM5 ina kimo cha milimita 37, Thermalright AXP90-X47 ina 47, na Noctua NH-L12S ina 70. Faida yao ni kupuliza pia RAM na saketi za umeme, jambo lenye thamani kubwa hewa inapokuwa ya moto. Hata hivyo, katika joto letu sishauri kuviwekea prosesa itakayodumu juu ya wati 90 kwa vile vya milimita 47 na chini, wala juu ya wati 120 kwa vile vya milimita 70. Ovakloki hapa iwe ya kupunguza volti tu.

Minara ya feni ya milimita 120 ndiyo ninayoipendekeza kwa wasomaji wengi, na kwa sababu hiyo ningechagua kasha la lita 18 badala ya la lita 10. Peerless Assassin 120 SE ina mirija sita ya joto yenye kipenyo cha milimita 6, na Phantom Spirit 120 SE ina saba katika kimo cha milimita 154. Ndani ya kila mrija kuna maji kidogo yanayogeuka mvuke upande wa prosesa, yanasafiri hadi kwenye mapezi, yaani mabamba membamba ya chuma yanayopulizwa na feni, yanapoa, kisha yanarudi yakiwa maji kupitia utando wa ndani. Hakuna pampu ya kufa wala maji ya kuvuja, na feni ikichoka unanunua nyingine ya saizi hiyo hiyo na kuibadilisha mwenyewe siku hiyo hiyo.

Kipoozeo cha maji hufanya kazi kama rejeta ya gari: pampu husukuma maji yaliyobeba joto hadi kwenye mapezi yenye feni. Kinahamisha joto kwenda ukingoni mwa kasha, na kwa prosesa ya wati 180 au zaidi katika kasha dogo huenda kikawa njia pekee. Lakini maji hupungua kidogo kidogo kupitia kuta za mipira kadiri miaka inavyopita, pampu huchakaa, na dhamana ya kifaa kilichoagizwa nje mara nyingi hudai ukirudishe ng’ambo kwa gharama yako. Ukikichagua, weka rejeta ili sehemu yake ya juu iwe juu ya pampu, vinginevyo hewa iliyomo itakusanyika kwenye pampu, itapiga kelele na kuiharibu.

Vipoozeo vya umeme vinavyoshusha joto chini ya hewa ya chumba viache kabisa. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa kaskazi na masika ina unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chenye nyuzi 22 tu kinaweza kushika umande, na umande juu ya madabodi ni ajali.

Hatua ya sita: nunua kwa uangalifu

Katika maduka ya Kariakoo na ya katikati ya mji, minara ya kawaida hupatikana kwa urahisi kuliko vipoozeo vifupi, ambavyo mara nyingi huagizwa. Ukinunua dukani, nenda na rula, omba boksi lifunguliwe, hesabu vishikio na skrubu za soketi yako kabla ya kulipa, na usiondoke bila risiti. Ukiagiza nje, jumlisha usafirishaji na kodi, ikiwemo VAT ya asilimia 18, kabla ya kulinganisha bei. Uzito una maana hapa: NH-L9a na ndugu zake wana gramu mia nne na kitu, ilhali mnara mkubwa kama Noctua NH-D15 una kilo 1.32 pamoja na feni.

Kwa wanaoishi Kigamboni, Msasani, Kunduchi au Mbezi Beach, ambako upepo wa bahari huleta chumvi ndani ya nyumba, chagua kipoozeo chenye shaba na mapezi yaliyopakwa nikeli. Shaba na alumini tupu huanza kubadilika rangi na kuota ukungu wa chumvi mapema.

Hatua ya saba: panga njia ya hewa

Hewa ya nje iifikie prosesa kabla haijapita kwenye kadi ya grafiki. Katika NR200 yenye mnara, weka feni mbili chini zikiingiza hewa, mbili juu zikitoa, na uelekeze mnara upulize nyuma. Kwa kipoozeo kifupi, angalia nafasi kati ya feni yake na ukuta wenye matundu: ikizidi sentimita moja, feni itavuta tena hewa ya moto iliyokwisha kutoka kwenye mapezi. Kata sponji kwa umbo la mviringo wa feni na uiweke kama bomba fupi linalounganisha feni na ukuta. Kazi hii ya dakika kumi na kipande cha sponji cha bei ndogo inaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha kipoozeo.

Vichujio vya vumbi ni lazima katika mji wenye ujenzi mwingi na barabara nyingi za udongo, lakini hupunguza hewa. Chagua feni zilizobuniwa kusukuma hewa kwa shinikizo, na ziwe nyingi zinazoingiza kuliko zinazotoa panapowezekana, ili vumbi lisivutwe kupitia nyufa zisizo na kichujio.

Hatua ya nane: funga

Safisha uso wa prosesa kwa spiriti, paka pesti ya kupitisha joto kiasi cha kufunika kifuniko chote kwa safu nyembamba, kisha kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkingamo. Kwenye AM5, kama kipoozeo kina vishikio vinavyokisogeza upande wa chini, vitumie, kwa kuwa viini haviko katikati ya kifuniko. Tofauti ni nyuzi 1 hadi 3. Kwenye LGA1700, mshikio wa soketi huikunja prosesa kidogo, na fremu maalumu inayobadilisha mshikio huo husaidia, mradi usiikaze kupita kiasi.

Pesti ya kawaida husukumwa nje polepole kila prosesa inapopata moto na kupoa. Kwa mashine inayofanya kazi karibu na nyuzi 85 kila siku ningependelea karatasi ya PTM7950 ya Honeywell, inayolainika ikifika takribani nyuzi 45 na kujaza nafasi bila kutoka kirahisi. Itahitaji kupashwa moto mara kadhaa kabla haijatulia, hivyo usiihukumu siku ya kwanza.

Hatua ya tisa: ovakloki na majaribio

Anza kwa kusasisha BIOS, yaani programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta. Kwa wenye Intel za kizazi cha 13 na cha 14 hili si hiari, kwani mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya kuzuia volti za juu zilizokuwa zikiharibu baadhi ya prosesa hizo.

Kwenye AMD, tumia mpangilio wa BIOS uitwao Curve Optimizer kupunguza volti kabla ya kuongeza chochote. Anza na hasi 10 kwa viini vyote, jaribu, kisha teremka kwa hatua za 5. Prosesa yenye volti pungufu hutoa joto kidogo, na kwa kuwa hujiongezea kasi yenyewe inapopata nafasi, unapata ovakloki bila wati za ziada. Baada ya hapo weka kikomo cha wati kinacholingana na hesabu yako ya hatua ya tatu. Kama hesabu ilisema kipoozeo kinahimili 110, andika 110, hata kama soketi inaruhusu 142. Kasi utakayopoteza kwenye michezo ni ndogo mno.

Jaribu kwa programu za kuipa prosesa kazi nzito, Cinebench R23 kwa dakika 30, kisha OCCT kwa saa moja, huku programu ya HWiNFO64 ikiandika joto, wati na kasi. Baada ya hapo cheza mchezo mzito kwa saa mbili, kwa sababu Cinebench haigusi kadi ya grafiki, na ni kadi hiyo inayoipasha moto hewa ya kasha. Mipangilio iliyopita Cinebench na kushindwa kwenye mchezo haijapita. Volti zilizopunguzwa mno huonekana pia kompyuta ikiwa haina kazi, kwa kujizima au kujiwasha upya ghafla. Ukiona hivyo, rudi hatua moja.

Andika matokeo ya siku hiyo pamoja na joto la chumba. Kila baada ya miezi miwili, au mwezi mmoja kama nyumba iko kando ya barabara ya vumbi, toa vichujio uvioshe na upulize mapezi kwa blowa, huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Rudia jaribio lilelile na utoe joto la chumba kwenye kila matokeo. Tofauti ikipanda kwa nyuzi 5 au zaidi kwa wati zilezile, na usafi haukuirudisha, ni wakati wa kufungua kipoozeo na kubadilisha pesti.